Mafuta Yasiyonuka

Watu huniuliza mpaka leo kwa nini sikuhama Kampala miaka ile ya jeshi, nami huwajibu kwamba nilikuwa na kazi. Hawatosheki. Wanataka sababu nene zaidi, mapenzi au ushujaa, na mimi sina hata moja. Nilikuwa mwandishi wa vibao na mchoraji wa sura za watu, nimekodi chumba Kisenyi nyuma ya magereji, na vibao vilikuwa tele. Wahindi walipofukuzwa, kila duka lilipata mwenyewe mpya, na kila mwenyewe mpya alitaka jina lake lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Wengine waliondolewa kabla rangi haijakauka. Nikirudi kufuta jina la bwana na kuandika la shemeji yake, siulizi kitu. Nafuta, naandika.

Kilichonitesa mimi ni tapentaini. Asiyepaka rangi ya mafuta hana haja ya kujua mengi: rangi yenyewe ni nzito, lazima uilainishe kwa kitu, na brashi lazima uzioshe kwa kitu, na kitu hicho ni tapentaini. Inanuka. Inapanda puani na kubisha hodi kwenye ubongo. Mimi naipenda, lakini mimi nimeivuta tangu utoto wangu Mombasa, kwa mjomba aliyepaka rangi magari ya mizigo, kwa hiyo ushahidi wangu haufai.

Zamani niliinunua Nakivubo kwa Mhindi mmoja aliyepanga mikebe mpaka darini, na mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi yalikaa rafu ya chini yake. Duka lake likapewa mtu asiyejua kilichomo. Aliuza kwa ukubwa wa mkebe. Ndani kuwe na gundi, kuwe na sumu ya panya, kwake yote mamoja. Mkebe mkubwa bei kubwa, mkebe mdogo bei ndogo. Tulimsifu sana, wallahi, mpaka rafu zikabaki tupu, na yeye akaonekana mlangoni akiuza kiti alichokalia.

Basi nilikuwa na mkebe wa mwisho wa tapentaini, umebaki chini ya nusu, siku alipokuja afande na mkewe.

Afande alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, mrefu hata alilazimika kuinama mlangoni kwangu, na mpole kupita mahitaji ya kazi yake. Mkewe alikuwa Muganda, mfupi, mdomo haupumziki. Kiganda mume hakukijua vizuri, na lugha ya mume mke hakuijua kabisa, kwa hiyo nyumbani mwao walisemezana Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli. Mimi mtu wa pwani kilikuwa kikiniwasha masikio. Lakini walipendana kwa Kiswahili hichohicho na hakikuwapungukia kitu, kwa hiyo nilinyamaza.

"Fundi," akasema afande, "mimi nataka wewe nachora mimi. Kubwa. Ya ukuta."

"Lakini isiwe na halufu, ssebo," akasema mkewe kutoka nje, akiniita bwana kwa Kiganda. Hakuingia. Alikuwa amesimama barazani, kitambaa puani, na nilimsikia kifua kikipiga mluzi kama birika. Alikuwa na pumu.

Nikamwambia bibi ampeleke bwana kwa mpiga picha. Picha ya kamera hainuki. Mkewe akanieleza, hapohapo mbele ya mumewe, bila kupunguza sauti. Mume amepata uhamisho, anatakiwa aripoti kwenye kambi moja ya mbali mvua zikiisha. Wenzake wa kwao waliitwa hivyohivyo, wakaondoka na mabegi yao, na wake zao hawajasikia neno. Picha ya mumewe iko moja tu duniani, ile ya kwenye kitambulisho cha kazi, ndogo kama stempu, na kitambulisho anaondoka nacho. Wapiga picha wa mjini hawakuwa na karatasi. Yeye alitaka uso wa mumewe ukutani, kwa ukubwa wake wa kweli, katika chumba chao cha laini za polisi, zile nyumba za askari, chenye dirisha moja. Na alitaka alale humo humo na hiyo picha bila kukatika pumzi.

"Itakaa juu ya kitanda," akasema. "Ikinuka, mimi nakufa. Isipokuwepo, sijui."

Afande alitazama kofia yake. Nikasema nitajaribu. Nilidhani ni kazi ya siku chache, ndivyo nilivyo mjinga nikiingiwa na huruma.

Shida ilikuwa kwamba bibi yule hakutaka tu picha isiyonuka. Alitaka awepo inapochorwa. Saa za mumewe zilikuwa zinakwisha, na hakukubali azimalizie kwa fundi wa Kisenyi bila yeye kuziona. Kwa hiyo kila Jumapili mchana afande alikaa juu ya pipa lililogeuzwa, amevaa sare, na mkewe alikaa barazani penye mlango wazi, umbali wa mkono. Tukapatana hivi: kifua kikianza kubana, anainua mkono, nami naweka brashi chini na kufunika mkebe. Hakuna kubishana. Tangu nianze kazi sijapata kuona mwamuzi wa haki kama yeye.

Kwa tapentaini picha ilifika kwenye nywele tu. Nilikuwa nimepaka nywele na paji la uso bado, mkono ukapanda. Tukamkalisha kwenye upepo mpaka rangi ya midomo ikarudi, na siku ile ikaishia hapo.

Jumapili iliyofuata nikajaribu petroli, ambayo ilipatikana gereji ya jirani kwa kuomba. Petroli ni nyepesi, inaruka haraka, inaiacha rangi imepauka kama imetoka kuugua. Ilifika sikio moja. Tena ilinipa balaa la bure, kwa maana siku hizo petroli ilikuwa adimu na aliyenuka petroli alionekana ana mahali ameificha. Nikienda zangu Kamwokya kuandika kibao cha kinyozi, askari wa kizuizi cha njiani akaninusa, akaniuliza petroli iko wapi. Nikamjibu ukweli mtupu: nimeipaka kwenye sikio la polisi. Nikalazwa kifudifudi barabarani mpaka wakachoka nami.

Tina, ile dawa ya wapuliza magari rangi, sitaisema sana. Ilifika nyusi, nusu ya nyusi, na ilivyo kali ikaliyeyusha na lile sikio la wiki iliyopita. Bibi aliinua mikono yote miwili.

Nikajaribu waragi. Mtu asinicheke, mafundi wengine husafishia brashi spiriti, na spiriti yetu ilikuwa hiyo. Haikuchanganyika. Rangi ilikaa upande wake na pombe upande wake kama wake wenza. Kwa upande wa harufu bibi hakulalamika, alisema inamkumbusha baba yake, lakini majirani zangu walianza kupenda sanaa ghafla, wakaja kuangalia na vikombe vyao.

Mafuta ya taa yalikuwa afadhali. Hayapigi puani kwa kishindo, yanaingia polepole na kukaa, na hayaondoki. Yalitufikisha kwenye pua ya picha na shavu la kushoto kabla mkono haujapanda. Jambo moja jema nililopata ni kwamba kunguni walihama chumbani kwangu, wakaenda kwa fundi viatu, ambaye mpaka naondoka pale hakunisamehe.

Mwalimu mmoja wa kuchora, aliyekaa Kamwokya, akanifundisha kuyapunguza makali: twanga makaa, tia katika mafuta ya taa, tikisa, acha yatulie, chuja kwa pamba. Nikatwanga. Nikachuja. Nikawa mweusi mpaka kwenye meno. Harufu ilipungua kweli, nakiri, na Jumapili ile tulifika kwenye kola. Bibi alikuwa akitabasamu, akisema, "Kale, haya, leo tunamaliza," halafu nikamwona anashika fremu ya mlango. Hakuinua mkono. Hakutaka kuinua. Mumewe akaruka kutoka kwenye pipa, akambeba mpaka kwenye bomba la maji, na mimi nikabaki na brashi mkononi nikiitazama kola na kuichukia.

Hata kitambaa cha picha kilikuwa kimeharibika. Kila kipande kilikuwa kimelainishwa kwa dawa yake, kikakauka kwa namna yake, na uso wa afande ulionekana umeshonwa kwa viraka. Mvua zilikuwa zinakaribia mwisho. Nikamwambia afande kwamba nimeshindwa, akatafute mtu mwingine.

Akaja keshoye peke yake, na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani mlikuwa na mafuta ya rangi ya dhahabu.

"Simsim," akasema. Ni ule ufuta wetu, wao ndivyo wanavyouita. "Mama yangu natengeneza kule nyumbani. Sisi napika nayo, napaka mwili, mimi napaka mpaka kiatu, maana polishi hakuna. Rangi yako si ni mafuta? Hii pia mafuta."

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vinavyong'aa kuliko vyote Kampala, na nilikuwa nimejiuliza siku zote. Mkanda vilevile. Na kumbe ile harufu iliyoingia mlangoni kabla yake kila Jumapili, kama ya karanga zilizokaangwa na kusahauliwa, ndiyo hiyo.

Nikaijaribu. Nilipaka rangi na simsim kwenye kipande cha ubao, nikakiweka juu ya mabati juani, na jioni nikakigusa kwa kidole. Kikavu! Lo, nilifurahi. Nilijiona nimegundua kitu ambacho wazungu wa viwanda vya rangi hawakukijua, na usiku nikapanga nitakavyowauzia siri. Sikukumbuka kwamba ubao ule ulikuwa mtupu, haujapakwa chochote, ulikuwa umeyanywa mafuta wenyewe. Kitambaa cha picha nilikuwa nakipaka gundi na chokaa kwanza, na gundi hainywi kitu.

Nikaanza upya kwenye kitambaa kipya cha amerikani. Brashi niliziosha kwa kipande cha sabuni alichoniletea bibi, na sabuni enzi zile ilikuwa zawadi ya harusi. Jumapili ile mkono haukupanda. Nikamaliza nywele, nikamaliza paji la uso, nikageuka kumtazama, anamenya ndizi. Nikamaliza macho.

"Huoni harufu yoyote?" nikamuuliza.

"Naona. Iko kidogo. Lakini hii nimezoea, ssebo. Huyu mtu anaingia nyumbani kila siku ananuka kama sahani ya mboga."

"Mimi hapana nuka," akasema afande bila kusogeza midomo, maana nilikuwa nimemkataza.

"Unanuka! Shuka inanuka, mto inanuka. Nilipoolewa nilikuwa naweka mto wako dirishani."

Alimcheka mpaka akashika mbavu, na kifua kilikuwa shwari. Sijui kama nimewahi kupaka vizuri kama mchana ule. Nilimpenda yule bwana, nasema wazi, na nilimwonea wivu vilevile.

Siku ya mwisho afande alikuja na sare iliyopigwa pasi hata ikasimama yenyewe. Kifungo kimoja cha kifuani kilikuwa kimedondoka na hakikupatikana kingine. Akaniomba nikichore.

"Hapa mwilini hakuna, lakini kule weka," akasema. "Bibi asione mimi iko ovyo."

Nikakiweka. Akainuka kutoka kwenye pipa, akaja kusimama mbele ya picha, akajitazama muda mrefu. Akauliza itakauka lini. Nikamwambia wiki, wiki mbili. Akasema basi yeye hataiona ikiwa kavu. Nikasema atakaporudi likizo ataiona. Akasema, "Eeh," kwa adabu, akanipa mkono, akavaa kofia yake. Jumatatu akaenda kuripoti.

Wiki ikapita, picha bado mbichi. Nikasema ni unyevu wa mvua za mwisho. Jua likawaka, nikaitoa nje, mbichi. Nikaiweka juu ya mabati penye joto la kuivishia mkate, ikawa laini zaidi. Mkewe alikuja akaitazama, akauliza kama imekauka, nikasema bado kidogo. Akaja tena. Nilimuuliza kama bwana ameandika, akasema hapana, tukaanza kuzungumza bei ya sukari. Hapo nikapeleka ule upuuzi wangu kwa mwalimu wa Kamwokya. Akaingiza kidole kwenye shavu la afande, akakinusa, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mafuta ya kitani hukauka yakawa ngozi, na mafuta ya kupikia hayakauki, si leo si mwakani. Akaniuliza kama nimewahi kuona sufuria ya mboga ikikauka ikawa kioo. Nilimwambia akome kucheka. Alipojua ni picha ya nani, akakoma.

Vumbi la gereji likaanza kuganda kwenye paji la uso. Vijidudu vya ziwani vikaja na upepo vikanasa kwenye kola, nami kila asubuhi nikawa natoa vijidudu kwenye mwili wa askari polisi kwa ncha ya sindano, huku nikisema naye. Nilimwambia mengi. Nilimtukana pia, yeye na chupa yake, kwa sababu picha moja tu aliyotaka mkewe sikuweza kumpa, na mwenyewe hakuwepo wa kukaa tena juu ya pipa.

Ndipo akaja Mkenya mwenzangu, mfanyabiashara wa vipuri, aliyekuwa akienda na kurudi Nairobi. Nilikuwa nimemsumbua tangu mwanzo wa mambo haya anitafutie dawa isiyonuka. Akanishushia mkebe ulioandikwa vizuri, umefungwa kwa lakiri, na mwingine wa mafuta ya kitani. Ule wa kwanza ulikuwa tapentaini ya aina mpya, iliyoondolewa harufu kiwandani. Nilifungua kifuniko, nikainamisha pua mpaka ikagusa. Hakuna kitu. Nilidhani wamenijazia maji. Nikachovya brashi chafu, ikatoka nyeupe. Wallahi nilitaka kulia. Hicho ndicho nilichokitafuta msimu mzima, na kilikuwepo muda wote, njia ya basi ya siku moja kutoka pale.

Bibi alipokuja mara ya mwisho alikuwa na masanduku mawili na godoro lililofungwa kamba, vimeachwa barazani kwa fundi viatu. Alikuwa ametolewa laini za polisi. Walimwambia chumba ni cha mtu aliye kazini, na mumewe hayuko kazini. Aliwauliza kama hayuko kazini basi yuko wapi, wakamwambia atoe vitu. Alikuwa anakwenda kwa mama yake, safari ya basi.

Alikuwa amekonda. Mdomo ule uliokuwa haupumziki ulikuwa umepumzika. Nikamkaribisha, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alivuka kizingiti, maana chumbani hamkuwa na harufu ya kumzuia.

Nikamweleza kila kitu, upesi upesi, kama muuza duka. Nikamwambia, nnyabo, bibi yangu, ile ya simsim haitakauka kamwe, na basini itachafuka na kufutika. Usijali. Nikamfungulia mkebe mpya, nikausogeza mbele ya uso wake. "Nusa," nikasema. "Nusa bila woga." Akanusa. Kifua hakikulia. Akatikisa kichwa kwamba hasikii chochote.

"Umeona? Na inakauka ikawa kama sahani," nikasema. "Nitamnakili pale pale alipo, juu ya kitambaa kipya, jicho kwa jicho, na kifungo chake. Mwezi huu huu nitakuletea mwenyewe kwa mama yako. Haitanuka hata punje. Hii mbichi tutaitupa."

Alikuwa ameisogelea picha iliyoegemezwa ukutani, uso wa mumewe na wake sasa viko kimo kimoja kwa kuwa nilikuwa nimeiweka juu ya pipa. Alikitazama kifungo. Akainua mkono, na mimi kwa mazoea nikakurupuka kuufunika mkebe, nikidhani kifua kimebana. Hakikuwa hicho. Aliushika ukingo wa fremu, akainama, akaipeleka pua yake chini ya taya la mumewe, pale kwenye kola, karibu sana hata rangi ikamshika kwenye ncha ya pua.

Akavuta pumzi. Ndefu. Niliisikia ikiingia yote, mabega yakapanda, ikafika mwisho wake na haikupiga mluzi. Akaishikilia humo ndani. Akaitoa, akavuta nyingine.

"Na mto wake," akasema, bado ameinama, "wale walioingia chumbani walichukua mto."

Nikaziba mkebe wangu usionuka. Nikatafuta vijiti vinne na misumari, nikavipigilia kwenye pembe za fremu ili kitambaa cha kuifunikia kisimguse usoni, na tukambeba mimi na yeye, mbichi, mpaka kwenye basi.